Kata ya Mwenye Wimbo

Kwa miaka minne nilikula jasho la watu nisiowajua, na nililala usingizi mzuri kabisa. Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na stendi ya mabasi pale Sumbawanga: mbao, bati tatu juu, meza moja, redio kaseti ya deki mbili, na spika niliyoitundika mlangoni ili wapita njia wajue kuwa ndani mna uhai. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vitu vilivyozoea kuuzwa chini ya meza vilipanda juu ya meza: mitumba, sabuni za kunukia, betri, na kanda tupu zilizokuja kwa maboksi kutoka upande wa Zambia kupitia Kasesya. Mteja aliniletea orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari, nami nikamchanganyia upande wa kwanza na wa pili, nikaandika majina kwa wino mwekundu, akalipa akaenda zake. Nani alitunga, nani alipiga gitaa, hakuna aliyeuliza. Ungeniuliza ningekucheka. Wimbo ukishatoka redioni mimi niliuhesabu kuwa maji ya mvua, mwenye ndoo akinge. Na ndoo nilikuwa nayo.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mpunga. Wiki nzima alikuwa bondeni Mtowisa, Jumamosi anarudi na vumbi masikioni na mchele wa kula. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Malangali, hatukuwa matajiri wala hatukulala njaa, na ugomvi wetu wote ulihusu mtu mmoja ambaye hata hakukaa nasi. Huyo ni mama yake.

Nisimsingizie kwamba hakunipenda. Alinipenda, ila mikono yangu ndiyo aliyoikataa. Siku nilipopelekwa kwake kijijini kutambulishwa, alinishika mikono yote miwili, akageuza viganja juu, akavikagua kwa namna anavyokagua maharage kabla ya kununua, kisha akaniachia. Akamwambia mwanawe kwa Kifipa, akidhani sisikii, kwamba ameoa mikono ya karani. Baba yangu alikuwa karani kweli, kwa hiyo hata kukasirika sikuweza vizuri.

Mama mkwe alikuwa mtunzi wa nyimbo za kulimia. Huko kwao wanalima ntumba: mvua zikikaribia kwisha na majani yakiwa yamefika kiunoni, wanayafyeka, wanayakusanya na kuyafunika kwa udongo mpaka shamba zima linajaa vilima vya duara. Majani yanaozea humo. Msimu unaofuata vilima vinatawanywa, unapandwa ulezi, na ulezi unaota bila kuomba msaada wa mtu. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, labda kama ameadhibiwa. Mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, anaalika watu, na majembe yanashuka kwa pamoja kwa sababu kuna wimbo unaoyaambia lini yashuke.

Sasa, katika kijiji chao wimbo una mwenyewe. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini mtoto wa miaka sita anaijua. Kazi ikisimama na mtungi ukifunguliwa, pombe inachotwa kwa kata, kibuyu cha mpini, na kata ya kwanza inapelekwa kwa yule ambaye wimbo wake umeimbwa siku hiyo. Kata ya pili ni ya waitikiaji, wanapokezana. Ya tatu ndipo anapewa mwenye shamba, hata akiwa mwenyekiti wa kijiji. Na lipo sharti: mtunzi ambaye siku hiyo hakushika jembe hapewi kitu, wimbo wake uwe umeimbwa hata mara kumi. Mama mkwe alikuwa na nyimbo nyingi kiasi kwamba msimu wa ntumba aliumaliza akiwa na uso wa furaha na mgongo uliopinda.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu aliniita kwenye ntumba za shamba lake. Sikuwa na njia ya kukataa, nikatafuta ujanja. Nilibeba redio kaseti ya mkono na betri sita mpya, nikatangaza mbele ya wanawake wote kwamba nimekuja kuwatunzia sauti zao. Wakafurahi. Nikaketi juu ya jiwe kivulini, nikabonyeza kitufe, na kazi yangu ya siku ikawa imekwisha kabla haijaanza.

Wimbo alioanzisha siku ile ulikuwa mpya. Maneno yake yalikuwa ya Kifipa, na maana yake ni hii: funika majani, usiyachome, unachokifunika leo kitakufungulia mlango mwakani. Anaimba yeye, wanawake wanaitikia, majembe yanapiga chini kwa mpigo mmoja. Katikati ya nyimbo zake daima palikuwa na nafasi ya kumtania mtu. Siku ile alinitafuta kwa macho, akaniona pale kwenye jiwe, akaimba: mkamwana wangu analima kwa kidole, anabonyeza, anabonyeza, kilima kiko wapi? Wanawake waliangua kicheko huku wakiendelea kuitikia, na kicheko chao kikaingia kwenye kanda pamoja na wimbo.

Nilirudi mjini nimenuna. Lakini nilipoipiga kanda ile kibandani, watu walisimama. Wafanyakazi wa maofisini waliotoka vijijini walisimama na mafaili kwapani. Fundi mmoja wa baiskeli alitoka na tairi mkononi akasikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudishe nyuma. Jioni nilikuwa nimeuza nakala saba. Wiki iliyofuata sikumbuki nilinakili ngapi. Madereva waliishusha bondeni, na wafugaji waliohamia huko kutoka Kanda ya Ziwa, ambao Kifipa hawakijui hata salamu, waliinunua kwa ajili ya ule mpigo wa majembe. Wateja wangu wote walijua ubeti wa kidole. Niliuza kanda inayonisema mimi mwenyewe, nikarudisha chenji na kusema karibu tena.

Siku ya gulio mama mkwe alikuja mjini na kikapu cha maharage kichwani. Sikumwona akija. Nilikuwa nimeinama nakaza parafujo, wimbo wake unavuma kwenye spika, na vijana wawili wa stendi walikuwa wakinionyesha kidole cha kubonyeza na kuniambia, mambo, mkamwana. Ghafla wakashusha vidole. Nilipoinua kichwa, alikuwa amesimama mbele ya spika, kikapu bado kichwani.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alisubiri wimbo uishe, na ulikuwa mrefu. Kisha akatua kikapu, akaketi juu ya boksi la kanda, akaniuliza ni mara ngapi nimeuimba. Nikamwambia sijauimba mimi, ni mashine. Akauliza mashine imeuimba mara ngapi. Nikasema sijui, labda mara mia.

"Mara mia," akasema, "na kata yangu hata moja sijaiona."

Nilijitetea kwa maneno mengi. Nilimweleza kwamba mjini ni tofauti, kanda tupu nimenunua mimi, betri nimenunua mimi, na kwamba pale kibandani zimo nyimbo za watu kutoka kila pembe ya nchi na hakuna mtunzi hata mmoja aliyewahi kuja kudai. Akaniuliza kwa upole kama hao watunzi wanaijua njia ya kufika Sumbawanga. Nilijishughulisha na parafujo ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Hakutaka hela. Hela, alisema, ikishaingia mfukoni haijulikani tena ilikuwa ya nini. Alikwenda kwa jirani akanunua debe tupu la mafuta ya kupikia, akaliingiza chini ya meza yangu, akatoa maagizo. Kila kanda yenye wimbo wake ikitoka, konzi moja ya ulezi, mkono uliojaa, iingie debeni. Debe likijaa lipandishwe kijijini, ipikwe pombe, wanywe wote walioitikia siku ile, maana wimbo ni wake lakini sauti ni zao. Akautazama mkono wangu, akaongeza kwamba konzi ipimwe kwa mkono wa mwanawe.

Nilidhani debe lile litanifukuzia wateja. Kumbe mtu akisikia kwamba kanda hii ina debe lake, alitaka kulitia ulezi kwa mkono wake mwenyewe. Mzee mmoja alikuja kila mwisho wa mwezi, kanda hanunui, anasema tu wimbo ameusikia kwa jirani, anatia konzi, anaondoka. Debe la kwanza lilijaa kabla ya miezi miwili. Mume wangu alilipandisha na lori, akarudi ananukia pombe na kunisimulia jinsi mama yake alivyocheza. Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa bado nahesabu bei ya ulezi.

Kisha akaja muuza mbolea. Zamani mbolea ilikuja kwa njia ya ushirika; ikifika imefika, isipofika mnamshukuru Mungu kwa mvua. Ruksa ilipoifikia na mbolea, alijitokeza bwana mmoja mwenye duka jipya, kalamu tatu mfukoni, na pikapu yenye spika mbili juu ya paa. Alisimama kibandani kwangu akausikiliza wimbo, akauliza mwenyewe ni nani. Nikajisifu kwamba ni mama mkwe wangu. Akasema anautaka kwa matangazo yake, vijiji vyote vya Ufipa. Anautaka moja kwa moja, ununuliwe uwe wake. Alitaja kiasi, nami nikaketi, maana kiasi hicho kilitosha deki mpya ya kunakili kwa kasi, ile inayomaliza kanda nzima kabla mteja hajamaliza soda. Niliiota deki hiyo mwaka mzima.

Tulipanda naye kijijini kwa pikapu. Mama mkwe alitupokea vizuri, akatupa ugali wa ulezi na maharage, akasubiri tushibe. Bwana mbolea akatoa karatasi, akamsomea kwamba anauza wimbo na haki zake zote, mahali pa kidole gumba ni hapa.

"Nikikuuzia," mama mkwe akauliza, "kesho nikiwa shambani nitaimba nini? Nitakuja kukuomba?"

Bwana mbolea akacheka, akamwambia mama aimbe tu, nani atamkataza. Mama mkwe akamjibu kwamba basi hajaununua. Akamuuliza wimbo ukiwa kwenye gari utasema nini. Alipoelezwa kwamba utasaidia kuuza mbolea ya mfuko, alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Wimbo unasema funika majani, alisema, na aliyefunika majani anataka mfuko wa nini? Kama anautaka apite nao, apite, lakini kwa kata, kila msimu, na maneno yabaki yalivyo. Bwana mbolea akakunja karatasi yake. Mambo ya kila msimu hakuyataka, alikuwa mtu wa kumaliza shughuli.

Ndani ya pikapu nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Niliona deki yangu inabaki nyuma pamoja na nyumba za kijiji. Nilisema mama mkwe ni mkaidi, hajui dunia imefika wapi, anang'ang'ania pombe wakati watu wanazungumza hela. Yule bwana aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, polepole, kanda ni ya nani.

Kanda ilikuwa yangu. Betri zilikuwa zangu, na kidole kilichobonyeza kilikuwa changu, hata wimbo wenyewe ulikiri hivyo. Siku ya pili yake nilimkabidhi kanda ile ya kwanza kabisa, niliyokuwa nanakilia nyingine zote, nikapokea hela. Nilijiambia sijauza wimbo, nimeuza kanda. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na ningekuwa na hakika ningejiambia mara moja tu. Juma lile lile deki mpya ilikuwa juu ya meza yangu, taa zake za kijani zinawaka.

Gari la matangazo lilianza kuzunguka. Liliingia kijijini kwa mama mkwe asubuhi ya soko, sauti yake mwenyewe ikitoka juu ya paa la pikapu, wimbo ukakatwa katikati, na mtangazaji akaingia: mnamsikia mama yenu huyo, naye msimu huu anawaambia, mbolea ya mfuko. Halafu wimbo ukaendelea. Hata ubeti wa kidole ulikuwemo.

Watu wa vijiji vya jirani waliamini, kwa nini wasiamini, sauti wanaijua. Wakaanza kumiminika nyumbani kwake kuomba mbolea kwa mkopo. Alikuja bwana mmoja kutoka mbali akiwa na baiskeli na kamba ya kufungia mfuko, akaambiwa hakuna mbolea, akadhani ananyimwa kwa kuwa si ndugu. Mama mkwe alimpa maharage ya mbegu ili asirudi mikono mitupu. Mume wangu alinisimulia hayo huku akicheka, kwa kuwa hakujua kanda imetokaje kwangu. Nami nilicheka, wala sikumwambia.

Nilipopandisha debe jingine, msimu wa ntumba ulikuwa umerudi, na siku hiyo ilikuwa zamu ya shamba la mama mmoja jirani, kiongozi wa waitikiaji, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti nzito. Nilifika wakati kazi inasimama. Wimbo uliokuwa ukiimbwa ni ule ule, funika majani, na mama mkwe alikuwa na jembe mkononi, udongo mpaka magotini. Mtungi ukafunguliwa. Kiongozi wa waitikiaji akachota kata ya kwanza, akaivusha mbele ya mama mkwe, akaipeleka kwa waitikiaji. Kata ilipita usawa wa kifua chake ikiwa imejaa, na mkono wake, ambao kwa mazoea ulishaanza kuinuka, ukarudi chini ukashika mpini.

Kwao, aliyeuza wimbo kwa mtu wa nje ameshalipwa. Anadai kata ya nini tena?

Nimeona aibu nyingi maishani, baadhi nimezistahili. Ile ndiyo ninayoikumbuka mpaka leo nikiwa naosha vyombo. Mama mkwe alijua kwamba kanda ile ya kwanza ilikuwa moja tu, na ilikuwa kwangu. Angeweza kunyoosha kidole na kusema, mwizi ndiye huyo. Hakufanya hivyo. Alikunywa maji kwenye kibuyu chake, akaendelea kulima hadi jioni. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma, alisema bila kugeuka:

"Kata si kitu. Wimbo wangu umesema uongo kwa sauti yangu."

Nililia njia yote iliyobaki, naye akaniacha nilie.

Asubuhi nilirudi mjini nikaenda moja kwa moja kwa afisa utamaduni. Alikuwa mtu mpole aliyezoea kutembelewa na vikundi vya ngoma vinavyotaka barua, nadhani nilikuwa wa kwanza kufika kwake kujishtaki. Alinisikiliza, akanieleza kwamba wimbo na kanda ni vitu viwili. Aliyetunga ana haki yake, walioimba wana yao, aliyerekodi ana yake, na mwenye ndoo si mwenye kisima. Anayetaka kuutumia wimbo kwenye tangazo anaomba ruhusa kwa mtunzi, wanapatana ni kwa muda gani na kwa namna gani, na wimbo unabaki wa mtunzi. Haruhusiwi kuukata ili useme asichosema mwenyewe. Akasema malipo anayopata mtunzi kila kazi yake inapotumika yana jina lake, yanaitwa mrabaha. Neno lilikuwa jipya kwangu, lakini kitu chenyewe nilikuwa nacho chini ya meza, ndani ya debe la mafuta.

Niliuza deki mpya kwa hasara, nikaongeza akiba yangu, nikamrudishia bwana mbolea hela zake. Lazima niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikasirika, akasema amenunua kwangu kwa halali, nami nikamwambia ni kweli, mimi ndiye niliyeuza kisichokuwa changu. Kisha akasema tatizo ni kwamba watu wanaupenda wimbo ule kuliko mbolea yenyewe, na bila wimbo gari lake litabaki gari tu. Tukapanda tena kwa mama mkwe, safari hii bila karatasi.

Masharti yake yalikuwa yale yale, na moja zaidi. Wimbo upigwe mzima bila kukatwa. Kila msimu unapopigwa, ulezi wa mtungi uletwe kabla ya ntumba. Na mtangazaji aseme ukweli. Bwana mbolea aliuliza ukweli upi. Ndipo likazaliwa tangazo ambalo watu wa umri wangu huko Ufipa bado wanaliigiza kwenye harusi. Wimbo ukiisha, mtangazaji alisema hivi: mwenye wimbo huu anafunika majani na hanunui mbolea yetu, wewe uliyechoma majani yako, pita dukani. Bwana mbolea aliuza mifuko mingi kuliko kabla. Baadaye alikiri kwangu kwamba wengi walikuja dukani kwanza kucheka, kisha wakakumbuka kwamba majani kweli waliyachoma.

Lakini hayo ni ya gari. Kata ilikuwa bado haijarudi, na mambo ya kata hayakuwa na afisa wa kupelekewa.

Ntumba za shamba la mama mkwe zilikuwa juma lililofuata. Nilikwenda bila redio. Nilikuwa nimekata kucha usiku uliotangulia, mume wangu akinitazama bila kuuliza, nikaazima jembe kwa jirani wa Malangali. Watu walipokusanyika niliwaomba wanisikilize. Nilisema mama yangu hakuuza wimbo. Alikataa mbele ya macho yangu. Aliyeuza ni mimi, kwa ajili ya mashine, na mashine nimeshaiuza. Kifipa changu cha mjini kikanikimbia katikati nikamalizia kwa Kiswahili. Kiongozi wa waitikiaji alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akaishia kwenye jembe.

Tukalima. Nisijisifu: kilima changu cha kwanza kilibomoka, cha pili kilikuwa na umbo la kitanda. Kabla jua halijafika utosini viganja vyangu vilikuwa na malengelenge manne. Mama mkwe alianzisha funika majani, na alipofika kwenye ile nafasi ya utani nikajiandaa. Aliimba: mkamwana wangu amekuja na mikono, kilima chake kina shingo, kina mkia. Wanawake wakaangua kicheko, nami nikaitikia pamoja nao kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, sauti yangu ya kwanza katika wimbo ule.

Mtungi ulipofunguliwa sikuthubutu kuangalia. Nilisikia tu sauti nzito ya kiongozi wa waitikiaji ikisema pokea, mwenye wimbo. Mama mkwe alishika kata kwa mikono miwili. Alikunywa yote, taratibu, bila kuiondoa mdomoni, akaigeuza chini juu ili wote waone imekauka. Halafu akaja kwangu, akaigeuza mikono yangu viganja juu, akayatazama yale malengelenge. Aliyapaka mafuta ya mgando kidogo, akaniambia nisiyatumbue.

Kibanda niliendelea nacho miaka mingine. Siwezi kudai kwamba nyimbo za wengine niliziacha. Mtu si malaika. Lakini niliweka debe la pili karibu na la kwanza, na kila mtunzi wa mkoa wetu aliyejulikana alipo, mwalimu wa kwaya, mpiga zeze wa bondeni, nilimtumia chake kwa lori la mume wangu, mmoja mchele, mwingine chumvi, kila mtu na alichopenda. Kisha kanda zikafa, zikaja sidii, zikaja simu, na siku hizi vijana wananiambia kuna watunzi wanaolipwa wimbo ukisikilizwa hata nchi za mbali, senti kwa senti, kwa kompyuta. Nawauliza nani anapima konzi. Wanacheka.

Mama mkwe alitutoka mwisho wa mvua, akiwa mzee, nyumbani kwake, baada ya kula. Msimu uliofuata nilipanda kijijini na jembe langu mwenyewe, kama nilivyokuwa nikifanya kila mwaka. Waliimba funika majani. Mtungi ulipofunguliwa, kiongozi wa waitikiaji, ambaye naye sasa alikuwa na mvi na alitembelea mpini wa jembe, akachota kata ya kwanza akaja nayo moja kwa moja mpaka niliposimama.

Nilimwambia si yangu. Sijawahi kutunga hata ubeti mmoja.

"Ametuachia maneno," akasema. "Amesema wimbo apewe yule aliyewahi kuuiba, kwa sababu huyo hatakubali tena uibwe. Kunywa, mikono yetu inachoka."

Mimi si mnywaji wa pombe, na ya ulezi ina uchachu unaokunja uso. Niliipokea kwa mikono miwili, nikanywa yote, nikaigeuza chini juu. Kisha nikaanza kulia, na wao, bila kunisubiri, wakapitisha kata ya pili kwa waitikiaji, kama inavyotakiwa.